Wepesi na Makali: Hesabu ya Hatari katika Nchi ya Chai

Juni 2019 jina la Kericho lilitajwa katika taarifa za habari za dunia nzima, na si kwa sababu ya chai. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka Malaba, mpakani na Uganda, alifika katika hospitali ya rufaa ya kaunti akiwa na homa, maumivu ya kichwa na kutapika. Siku chache kabla ya hapo Ebola ilikuwa imevuka kutoka Kongo hadi Kasese, Uganda, ikamuua mtoto wa miaka 5, kisha bibi yake na mdogo wake. Mgonjwa wa Kericho akatengwa, damu yake ikapelekwa maabara, na Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, akalihutubia taifa. Majibu yakarudi: hakuwa na Ebola.

Kumtenga kulikuwa sahihi, na sina neno juu ya hilo. Ninachotaka kukitazama ni kile ambacho hofu ile ilikificha. Katika Kongo ileile, mwaka uleule, kulikuwa na ugonjwa mwingine uliokuwa ukiua watu wengi kuliko Ebola, na hakuna mtu Kericho aliyepimwa joto mlangoni kwa ajili yake. Ulikuwa surua.

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ilishika watu 3,470 na kuua 2,287. Katika kila wagonjwa watatu, wawili walizikwa. Surua ya Kongo, kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 pekee, ilikadiriwa kuwa na wagonjwa zaidi ya 310,000 na vifo zaidi ya 6,000, vingi vya watoto wadogo. Hapo aliyekufa ni karibu wawili katika kila wagonjwa mia. Kwa hiyo ugonjwa ambao mgonjwa wake ana nafasi kubwa sana ya kupona uliua zaidi ya mara mbili ya ule ambao mgonjwa wake aliagwa kabla hajakata roho.

Lugha yetu ya kila siku inachangia kosa hili. Redio ikisema "gonjwa hatari" huwa inazungumzia makali: damu, homa kali, kifo cha haraka. Surua huitwa ugonjwa wa watoto. Lakini hatari ya ugonjwa kwa kijiji, kwa shamba la chai au kwa kaunti nzima ina vipimo viwili, na kimoja hakitoshi bila kingine. Cha kwanza ni makali, yaani ugonjwa unamfanya nini yule aliyeupata. Cha pili ni wepesi wa kuenea, yaani aliyeupata anawapa wangapi. Mgonjwa wa Ebola huambukiza wastani wa mtu mmoja na nusu hadi wawili, kwa sababu virusi hupita kwenye damu, matapishi na majimaji ya mwili, na humpata zaidi anayemuuguza au anayemwosha maiti. Mgonjwa wa surua, akiwa katikati ya watu wasiochanjwa, huambukiza kati ya 12 na 18. Virusi vyake hubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani, na huanza kutoka mwilini mwake siku kama nne kabla ya upele kuonekana.

Vipimo hivi viwili havina uzito sawa, na hapa hesabu inafaa kufanywa polepole. Chukua ugonjwa ambao kila wagonjwa wawili huambukiza watatu wapya. Anza na mgonjwa mmoja. Mzunguko wa kumi wa maambukizi utakuwa na wagonjwa wapya wapatao 58. Sasa ufanye ugonjwa huo uwe mkali maradufu bila kugusa kitu kingine: vifo vitaongezeka maradufu. Halafu urudishe makali yalivyokuwa, na uongeze wepesi kwa nusu tu, ili wagonjwa wanne waambukize tisa. Mzunguko wa kumi sasa una wagonjwa wapya zaidi ya 3,300. Vifo vya mzunguko huo vimeongezeka mara 58, ingawa kwa mgonjwa mmoja mmoja ugonjwa haujabadilika hata kidogo. Makali hujumlisha, wepesi huzaa. Maishani mlolongo hauendi hivyo bila kikomo, kwa sababu huanza kuwakuta waliokwisha kuugua au kuchanjwa, ukakosa pa kupita. Ndiyo maana chanjo ya surua, ambayo Kenya hutoa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na 18, inahitaji kuwafikia watoto 95 katika kila 100. Kwa ugonjwa mzito wa kuenea, nusu ya watu wakiwa na kinga mlolongo hukatika. Kwa surua, watoto 10 waliorukwa katika kila mia wanatosha kuuweka hai.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika kitu cha kweli lakini kisichofaa sana Kericho na kaunti jirani ya Bomet, kwa sababu namba hizo mbili hazikai ndani ya kirusi au kimelea. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na mahali. Malaria ndiyo iliyonifundisha hilo.

Ukitoka Kisumu, ukapita Ahero na Awasi, gari huanza kupanda. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kericho karibu 2,000. Huko chini, mbu wa malaria wana joto na maji mwaka mzima. Mtoto wa nyanda za ziwa huumwa na mbu wenye vimelea tena na tena, na akinusurika miaka ya mwanzo, mwili wake huwa umejifunza. Akiwa mtu mzima anaweza kubeba vimelea damuni na bado akaenda shambani. Huko juu baridi humlinda mtu. Kimelea cha malaria kali kinahitaji muda kukomaa ndani ya mbu: kwenye nyuzi 25 ni kama siku 12, kwenye nyuzi 20 ni kama 28, na kwenye nyuzi 18 ni karibu miezi miwili. Mbu wengi hawaishi muda wote huo. Kwa hiyo Kericho malaria haina wepesi, na kwa hesabu ya juujuu ingekuwa mahali salama.

Lakini ulinzi huohuo ndio unaowaacha watu bila kinga. Mwaka ambao mvua za masika zimekuwa nyingi na joto likapanda kidogo, mbu wachache wanaishi muda wa kutosha, na ifikapo Juni na Julai homa hupanda milimani. Hapo haichagui watoto wachanga na wajawazito peke yao. Inamwangusha mchumaji wa miaka 30 mwenye mikono yenye nguvu, kwa sababu damu yake haijawahi kukutana nayo. Wepesi mdogo wa miaka mingi umezaa makali makubwa ya mwezi mmoja. Namba hizi mbili, ambazo vitabu huziandika kana kwamba kila moja ina njia yake, huku zinavutana kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja: huyu akiinama, yule anaelemewa.

Mashamba makubwa ya chai yalikuwa na hospitali zao na yaliweka kumbukumbu za wagonjwa tangu miaka ya 1960, na kwa sababu hiyo Kericho ikawa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa zaidi Afrika kuhusu malaria ya nyanda za juu. Kumbukumbu zilionyesha homa ikirudi kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980. Wanasayansi wakabishana kwa miaka. Kundi moja, katika jarida la Nature mwaka 2002, lilisema hali ya hewa ya Kericho haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza ongezeko hilo. Mwaka 2006 wengine walizichambua upya takwimu za joto wakaona kuwa nyanda hizi zilikuwa zimepata joto kweli, na kwamba hata ongezeko dogo hukuzwa mara nyingi ndani ya maisha ya mbu. Mimi naamini kuwa joto lilichangia. Lakini kuna sababu nyingine ambayo kila mtu aliyeugua miaka ile anaikumbuka: klorokwini iliacha kufanya kazi. Dawa ambayo bibi zetu waliinunua dukani ikageuka kuwa vidonge vichungu tu. Kimelea kilekile na mbu yuleyule vilianza kuua zaidi, na mgonjwa aliyekunywa dawa isiyofaa alibaki na vimelea damuni akiwapa mbu wengine. Dawa ilipochoka, vipimo vyote viwili vilipanda pamoja. Serikali iliiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa za mchanganyiko zenye artemisinini.

Kipindupindu kinasema jambo hilohilo kwa ufupi zaidi. Mwaka 2015 Bomet ilikuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizokumbwa nacho. Bila matibabu kinaweza kuua nusu ya wanaougua vibaya. Maji ya chumvi na sukari yakinywewa mapema, na dripu ikipatikana kwa aliyezidiwa, hufa chini ya mmoja katika mia. Ukali wa kipindupindu, basi, hupimwa kwa kilomita kutoka mlangoni hadi zahanati, na kwa hali ya barabara siku ya mvua.

Kuna pia makali yanayojificha. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari Bomet mwaka 1937, inajulikana nje ya Kenya kwa mambo mawili. La kwanza ni saratani ya umio, ambayo imewapata watu wa Bomet kwa wingi usio wa kawaida. Ina makali ya kutisha na haina wepesi hata chembe, kwani hakuna anayeambukizwa na mgonjwa wake. La pili ni upasuaji wa moyo kwa vijana ambao vali zao zimeharibika. Uharibifu huo huanza na koo. Bakteria wa koo hupita kutoka mtoto hadi mtoto katika chumba kimoja ambamo wanalala wanne au watano, na mzazi huona maumivu ya koo na homa ya siku tatu, akaweka asali au akangoja. Kwa watoto wengi yanaishia hapo. Kwa wachache, mwili unaopigana na bakteria hushambulia moyo wake wenyewe, na miaka kumi baadaye msichana anashindwa kupanda mlima akiwa na ndoo ya maji. Ukiupima ugonjwa wa koo siku ya tatu, ni mwepesi wa kuenea na hauna makali. Ukiupima baada ya miaka kumi, umemlaza mtu kwenye meza ya upasuaji. Nani aliyesema makali hupimwa lini?

Nataka kukaa kidogo kwenye mahindi, kwa sababu Bomet ina ugonjwa wake uliotoka hapo kwenda Afrika Mashariki yote, na ni wa mimea. Septemba 2011, katika eneo la Longisa, wakulima waliona mahindi yakigeuka manjano kuanzia majani ya moyoni, yakikauka pembeni, na magunzi yakitoka na punje chache au bila punje kabisa. Wataalamu waliupa jina linalofupishwa MLN. Haukuwa kirusi kimoja. Kulikuwa na kirusi cha zamani, kile cha miwa na mahindi, ambacho Kenya ilikijua tangu miaka mingi na mkulima aliweza kuvuna licha yake. Kikaja kingine ambacho kilitambuliwa kwanza Peru miaka ya 1970 na hakikuwahi kuripotiwa huku. Kila kimoja peke yake hupunguza mavuno. Vinapokutana katika shina moja, shina hufa. Marekani walikuwa wameuona mkutano wa aina hiyo Kansas mwaka 1976.

Makali yalitokana na mkutano. Wepesi ulitokana na kalenda. Bomet ina mvua ya kutosha kiasi kwamba jirani mmoja anavuna wakati mwingine anapalilia na wa tatu anapanda, na karibu kila mtu mwenye ekari moja ya chai ana kipande cha mahindi kando yake. Wadudu wadogo wanaofyonza na kutafuna majani hawakuhitaji kusafiri. Kila walipotoka kwenye shamba linalokauka walikuta changa la jirani. Ushauri uliotolewa ulikuwa mgumu kuliko dawa yoyote: kijiji kizima kiache mahindi msimu mzima, kipande viazi, maharagwe au mboga. Mwenye nyumba ya watu saba anayetegemea ugali aliombwa akatishe chakula chake ili kukata mlolongo unaopita shambani kwa mwenzake. Ndani ya miaka mitatu ugonjwa ulikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia. Mwaka 2013 kituo cha kupima mbegu zinazostahimili kilifunguliwa Naivasha, na mbegu hizo zikaanza kutoka.

Wakulima wale walilazimika kufikiri namna ambayo sisi wagonjwa hatufikiri. Shina moja lililokufa halikuwa habari. Habari ilikuwa umbali kati ya shina hilo na lile la jirani.

Mkutano wa vijidudu viwili upo pia kwa binadamu. Kifua kikuu hulala mwilini mwa watu wengi bila kuamka maisha yao yote. Virusi vya Ukimwi vinapoingia, hukiamsha. Anayekohoa sasa anaeneza kwa hewa kile ambacho mwenzake asiye na virusi angekibeba kimya. Makali ya ugonjwa mmoja yamekuwa wepesi wa mwingine.

Kuna imani iliyoenea kwamba ugonjwa mkali sana hujimaliza wenyewe, kwa kuwa unamuua mgonjwa kabla hajawapa wengine. Ni kweli nusu. Linaloamua ni saa: mgonjwa huanza kuambukiza kabla au baada ya kulala kitandani? Mwaka 2003 virusi vya SARS vilishika watu 8,098 duniani na kuua 774, karibu mmoja katika kila kumi, na vikazimwa ndani ya miezi michache. Waliokuwa wakiambukiza zaidi walikuwa tayari wamezidiwa na walikuwa hospitalini. Ndugu yake, korona ya 2020, iliua sehemu ndogo zaidi ya iliowashika, lakini iliambukiza kabla ya kikohozi cha kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na katika wiki zilizofuata salamu ya mkono, ambayo kwa Wakipsigis ni sehemu ya neno lenyewe la kuamkiana, "chamgei", ikawa jambo la kuombana radhi. Na virusi vya Ukimwi kabla ya dawa vilikuwa na makali karibu kamili, na wepesi mdogo kwa kila tendo moja, lakini vilikuwa na miaka kama kumi ya kupita. Miaka kumi ya kimya ndiyo iliyovifanya kuwa janga.

Hapo ndipo nchi ya chai inaonekana vizuri kuliko mahali pengine. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mwenye mafua asiyechuma leo hana kilo za leo, kwa hiyo anaingia kwenye mstari pamoja na wenzake, anapanda trekta pamoja nao, anasimama nao kwenye foleni ya mizani. Jioni analala katika nyumba za kambi ambako ukuta mmoja unatenganisha familia mbili. Wepesi wa mafua au kifua kikuu hapo haukuandikwa kwenye kirusi au bakteria. Umeandikwa kwenye njia ya malipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba kwa nusu, kwa mwaka. Kutengwa kwa korona mwanzoni kulikuwa siku 14 kwa mara moja. Tiba ya kifua kikuu ni miezi sita. Na kibarua wa msimu, aliyeitwa majani yalipokuwa mengi, mara nyingi hafikishi hiyo miezi miwili. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kitakachopunguza maambukizi kambini kwa haraka, sitataja dawa. Nitasema mlipeni mgonjwa akae nyumbani.

Watafiti walipofungua vitabu vya mizani vya shamba moja la Kericho, wakafuatilia wachumaji waliokufa au kustaafishwa kwa sababu ya Ukimwi kati ya 1997 na 2002, waliona ugonjwa ukiandikwa kwa kilo. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, kila mmoja wao alichuma kati ya kilo 4 na 8 pungufu kwa siku kuliko wenzake. Mwaka wa mwisho mapato yao yalikuwa chini kwa karibu asilimia 18, na mwaka uliotangulia kwa asilimia 16. Katika miaka miwili ya mwisho walikuwa wamepewa kazi nyepesi kwa siku 20 hivi zaidi ya wenzao, kwa sababu kikapu kilikuwa kimekuwa kizito.

Dawa zilizofika kwa wingi baadaye tunaziita kwa Kiswahili dawa za kupunguza makali, na jina hilo ni sahihi lakini lina nusu ya habari. Mtu anayezinywa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Kidonge kimoja, asubuhi kabla ya kwenda shambani, kinashusha namba zote mbili, kama klorokwini ilivyozipandisha zote mbili ilipochoka. Na kinafanya hivyo mradi tu anayekinywa apate ruhusa ya kwenda kliniki siku ya kuchukua kingine, siku ambayo mizani haitamwandikia kilo.